Pointi mbili za Leicester: Rodgers anadaiwa kiasi gani?

Jumapili ya tarehe 28 Mei 2023, siku ya mwisho ya msimu wa Ligi Kuu ya Uingereza, mwenye kibanda umiza wa mtaani kwetu aliwasha runinga mbili badala ya moja, na kiingilio kikabaki kilekile. Kulia Leicester City na West Ham, kushoto Everton na Bournemouth. Dakika ya 34 Harvey Barnes akafunga, mabenchi ya kulia yakalipuka. Kwa hesabu ya wakati ule Leicester walikuwa wamepona kushuka daraja: pointi 34, na Everton waliokuwa sare nao wana 34, ila tofauti ya mabao inawabeba Leicester. Yakaja mapumziko, watu wakanunua karanga na maji. Kipindi cha pili kikaanza, adhana ya Isha ikapita, na dakika ya 57 Abdoulaye Doucouré wa Everton akaufumua mpira uliomdondokea pembeni mwa boksi, na kufunga. Runinga ya kushoto ndiyo iliyokuwa na sauti. Kwa hiyo tulizisikia kelele za Goodison Park, uwanja wa Everton wa wakati ule, huku macho yetu yakiwatazama Leicester wakipasiana kama vile hakuna kilichotokea.

Leicester walishinda 2-1 siku ile na wakashuka daraja. Walimaliza nafasi ya 18 kwa pointi 34, Everton wa 17 kwa 36. Tofauti ya mabao ya Leicester ilikuwa hasi 17, ya Everton hasi 23. Maana yake pointi mbili tu zingetosha, hata tatu hazikuhitajika. Timu iliyotwaa ubingwa wa Uingereza mwaka 2016 ikawa bingwa wa pili wa zama za Premier League kushuka, baada ya Blackburn mwaka 1999.

Ubishi ulianza kabla runinga hazijazimwa. Upande mmoja: kocha Brendan Rodgers ndiye aliyeizamisha. Upande wa pili: Rodgers alifungashiwa virago tarehe 2 Aprili zikiwa zimebaki mechi 10, sasa anaingiaje kwenye kesi? Mimi nilikaa kimya kwa sababu hoja zote mbili zilikuwa na kasoro ileile. Kila mmoja alitaka mtu mmoja wa kubebeshwa msimu mzima. Mimi nazitafuta pointi mbili, na kila zilipodondoka nauliza nani alikuwa amezishika wakati huo.

Kwanza tumpe Rodgers haki yake. Alitoka Celtic mwezi Februari 2019, akamaliza nafasi ya tano misimu miwili mfululizo, mara zote mbili akiikosa Ligi ya Mabingwa siku ya mwisho. Mwezi Mei 2021 akaipa klabu Kombe la FA, la kwanza katika historia yake, kwa kombora la Youri Tielemans dhidi ya Chelsea pale Wembley. Msimu uliofuata alimaliza wa nane na kufika nusu fainali ya Conference League, akatolewa na Roma ya Mourinho. Huyu hakuwa kocha wa kuokotwa.

Tatizo lilianza kuonekana kwenye dirisha kubwa la usajili la mwaka 2022. Wamiliki, kampuni ya King Power ya Thailand, wanaishi kwa maduka yasiyotozwa ushuru, na maduka ya namna hiyo hayana biashara watu wasiposafiri. Korona ilikuwa imewapiga pabaya. Klabu ilipata hasara ya pauni milioni 92.5 kwa mwaka wa fedha ulioishia 2022, na bado ilikuwa imetoka kujenga kituo kipya cha mazoezi pale Seagrave. Pochi ikafungwa. Kasper Schmeichel, kipa na nahodha aliyekuwepo tangu 2011, akaenda Nice, na nafasi yake akapewa Danny Ward aliyekuwa msaidizi wake. Wesley Fofana akauzwa Chelsea kwa zaidi ya pauni milioni 70. Walioingia ni kipa mzoefu wa akiba, Alex Smithies, aliyekuja bure, na beki Wout Faes kutoka Reims, naye siku dirisha linafungwa. Basi.

Rodgers alilalamika hadharani majira yale yote kwamba kikosi kinahitaji damu mpya. Alikuwa na haki, lakini malalamiko ya kocha yana tabia moja mbaya: wachezaji nao wanasikia. Ukisema kila Ijumaa kwamba walio chini yako hawatoshi, usishangae Jumamosi wakikuthibitishia.

Mechi ya kwanza kabisa, dhidi ya Brentford nyumbani, Leicester wakaongoza 2-0 na kumaliza 2-2. Pointi mbili! Ukitaka kuifunga kesi mapema unaweza kuishia hapo. Lakini mwezi Agosti kila timu inadondosha pointi, na hakuna anayeshushwa daraja mwezi wa nane. Kilichofuata ndicho kilichotisha: vipigo sita mfululizo, vikiwemo 5-2 kwa Brighton na 6-2 kwa Tottenham, siku Son Heung-min alipotokea benchi na kupiga mabao matatu. Mechi saba, pointi moja, mabao 22 ya kufungwa.

Hapa wengi wangemfukuza. Klabu haikumfukuza, na kwa wiki chache ilionekana imefanya busara. Kuanzia ushindi wa 4-0 dhidi ya Nottingham Forest tarehe 3 Oktoba hadi ligi iliposimama kupisha Kombe la Dunia la Qatar, Leicester walicheza mechi nane, wakavuna pointi 16 na kufungwa mabao matatu tu. Ward yuleyule langoni, Faes yuleyule ndani ya ukuta. Mechi sita kati ya hizo nane hawakuruhusu bao. Walikwenda mapumzikoni na pointi 17 katika mechi 15, na mtu angesema hawa wamepona.

Ukweli huo unamkata Rodgers pande zote mbili. Unaonyesha kwamba kikosi kile, pamoja na umaskini wa usajili wake, kiliweza kulinda lango kikifundishwa kulinda. Basi ile hoja ya kwamba hakupewa wachezaji inapungua uzito pale inapotakiwa kumwokoa, yaani baada ya Krismasi. Maana ligi iliporudi, Leicester waliruhusu bao katika mechi 21 mfululizo. Mechi 21, mabao 42, wastani wa mawili kila mara, na sare tasa ya kwanza tangu Oktoba ikapatikana Newcastle tarehe 22 Mei, mechi moja kabla ya mwisho. Kati ya hizo 21, Rodgers aliongoza 13.

Sitaki kumbebesha kila bao. Kule Anfield tarehe 30 Desemba, Kiernan Dewsbury-Hall alifunga dakika ya nne, halafu Faes akajifunga mara mbili kabla ya mapumziko. Liverpool wakashinda 2-1 bila mchezaji wao hata mmoja kufunga. Ubao gani wa mbinu ungezuia hilo? Lakini ajali moja ni ajali, na ikijirudia kwa sura tofauti kila wiki hadi masika, ni kazi ya benchi la ufundi.

Kuna jambo jingine ambalo halisemwi sana. Çağlar Söyüncü, beki wa kimataifa wa Uturuki aliyekuwa nguzo ya ukuta misimu ya nyuma, alikaa benchi karibu muda wote wa Rodgers msimu ule. Alipoondoka kocha, Söyüncü akarudi uwanjani, na kwenye mechi ya Everton mwezi Mei akafunga. Jannik Vestergaard, beki mrefu aliyenunuliwa mwaka 2021 enzi za Rodgers mwenyewe, naye aliwekwa kando kama kiti kibovu. Msimu uliofuata alikuwa nguzo ya timu iliyotwaa ubingwa wa Championship, yaani daraja la pili, kwa pointi 97. Ni kweli Championship si Premier League. Lakini kocha anayelia hana mabeki huku wawili wameketi nyuma yake wamevaa makoti, ana swali la kujibu.

Tukiwa kwenye usajili, mzigo huu wagawane. Klabu ilikuwa ikilipa mishahara ya pauni milioni 206 msimu ule wa kushuka, wakati mapato yake yote yalikuwa milioni 177. Kwa kila pauni iliyoingia, moja na senti kumi na kitu ilikwenda kwa watumishi, na wengi wa watumishi hao walikuwa wanamalizia mikataba: Tielemans, Söyüncü, Jonny Evans, Daniel Amartey, Nampalys Mendy, wote waliondoka bure mwaka 2023. Mchezaji mwenye miezi mitano ya mkataba anaweza kuwa mwaminifu kabisa, lakini akili yake inakuwa imeshapanga masanduku. Kocha hasaini mikataba hiyo. Walioiacha imalizike ni wakubwa wa ofisini, na walioinenepesha kabla yake ni haohao, ingawa Rodgers naye sauti yake ilisikika kwenye majina ya walioletwa. Patson Daka wa Zambia alinunuliwa kwa pesa nyingi mwaka 2021 na hakuwahi kupewa mechi za mfululizo za kutosha. Ademola Lookman alikuja kwa mkopo mwaka huohuo na hawakumbakiza. Miaka miwili baadaye akafunga matatu katika fainali ya Europa League akiwa na Atalanta, na kuwa Mchezaji Bora wa Afrika wa 2024. Hilo la mwisho nalisema kwa uchungu tu, halibadilishi hesabu.

Sasa tufike kwenye Machi, kwa sababu nadhani pointi mbili ziko pale.

Tarehe 11 Februari Leicester waliichapa Tottenham 4-1, wiki moja tu baada ya kuifunga Aston Villa 4-2 ugenini. Pointi 24 katika mechi 22. Halafu mechi sita zikaleta pointi moja. Walifungwa na Manchester United na Arsenal, sawa, hao ni wakubwa. Lakini walifungwa pia 1-0 na Southampton waliokuwa wakiburuza mkia, siku ambayo Ward aliokoa hadi penalti ya James Ward-Prowse. Tarehe 18 Machi wakatoka sare na Brentford, na ligi ikasimama wiki mbili kupisha timu za taifa.

Wiki mbili zile ndizo dirisha la ofisi. Kocha mpya angepata nafasi ya kuzungumza na wachezaji waliobaki, kuangalia video, kupanga mipira ya kutenga. Crystal Palace, ambao tangu mwaka uanze hawakuwa wameshinda mechi hata moja ya ligi, walimtimua Patrick Vieira tarehe 17 Machi na kumwita Roy Hodgson mwenye miaka 75. Leicester wakasubiri. Na ratiba, ambayo ina dhihaka zake, ikawapeleka tarehe 1 Aprili nyumbani kwa Palace, mechi ya kwanza ya Hodgson. Wakafungwa 2-1, bao la Jean-Philippe Mateta dakika ya nne ya nyongeza. Kesho yake Rodgers akaondoka.

Yaani klabu ilimwacha kocha apite wiki mbili za kumbadilisha, ikamwondoa siku mbili kabla ya mechi. Tena ilimwondoa bila mtu mkononi. Adam Sadler na Mike Stowell wakakabidhiwa timu kwa muda. Tarehe 4 Aprili nyumbani dhidi ya Villa, Dewsbury-Hall akala kadi nyekundu, bao la Bertrand Traoré dakika ya 87, 2-1. Tarehe 8 Aprili, nyumbani tena, Bournemouth, timu ya kushindana nayo mkiani. James Maddison akarudisha pasi ya nyuma bila kuangalia, Philip Billing akaikuta njiani na kufunga. 1-0. Pointi sifuri katika mechi mbili za nyumbani. Dean Smith aliteuliwa tarehe 10 Aprili, akiwa na Craig Shakespeare na John Terry pembeni yake.

Chukua karatasi ufanye hesabu hii. Rodgers: mechi 28, pointi 25. Makocha wa muda: mechi mbili, sifuri. Smith: mechi nane, pointi tisa. Ukiuchukua mwendo wa Rodgers na kuutandaza kwenye mechi 38, unapata pointi 34, zilezile walizomaliza nazo. Kwa maana hiyo walibadilisha benchi na kufika palepale ambapo kocha wa zamani angewafikisha, kaburini. Na ukiuchukua mwendo wa Smith na kumpa mechi kumi badala ya nane, anapata kumi na moja na kidogo. Ishirini na tano na kumi na moja ni thelathini na sita.

Najua hesabu ya namna hii ni ya mezani. Mpira hauchezwi kwa wastani, na mechi nane ni kidogo mno kumpima mtu. Smith mwenyewe alifungwa 5-3 na Fulham, akiwa nyuma mabao matatu hadi mapumziko. Dhidi ya Everton tarehe 1 Mei, Leicester wakiongoza 2-1, Maddison alipiga penalti katikati ya lango na Jordan Pickford akabaki palepale alipo. Ikaisha 2-2. Penalti ile ingeingia, pengine leo nisingekuwa na kisa cha kuandika. Na kule Newcastle Smith alianza na Maddison na Barnes benchi, wachezaji waliokuwa na mabao 22 ya ligi baina yao, akiwa anahitaji ushindi. Alipata pointi moja na watu wakamsifu kwa nidhamu. Mimi niliona mtu aliyekubali kufa polepole.

Lakini hata ukizipunguza namba zile nusu, bado mechi za Villa na Bournemouth hazina mwenyewe kwenye benchi. Rodgers hakuwepo. Smith hajaja. Sadler na Stowell walikuwa wasaidizi walioachiwa nyumba inayoungua. Hizo ni za ofisi, na ofisi ile ina mtu wa mwisho, mwenyekiti Aiyawatt Srivaddhanaprabha.

Ofisi ile ilijua kufanya vizuri zaidi. Februari 2017, miezi tisa baada ya ubingwa, Leicester walikuwa pointi moja tu juu ya mstari wa kushuka, na walimtimua Claudio Ranieri. Dunia nzima iliwatukana. Shakespeare, yuleyule aliyerudi na Smith miaka sita baadaye, akashinda mechi zake tano za kwanza za ligi, wakamaliza wa 12. Aliyeamua wakati ule alikuwa Vichai, baba yake Aiyawatt, aliyekufa kwenye ajali ya helikopta nje ya uwanja mwezi Oktoba 2018. Mtoto alimwajiri Rodgers miezi minne baada ya msiba, akashinda naye Kombe la FA, akakumbatiana naye pale Wembley mbele ya dunia. Mkataba wa Rodgers ulikuwa hadi 2025. Naelewa kwa nini mkono ulikuwa mzito. Ila wenzao wa jirani hawakuelewa mambo ya namna hiyo: Aston Villa walimtimua Steven Gerrard tarehe 20 Oktoba 2022 wakiwa nafasi ya 17, siku nne baadaye wakamtangaza Unai Emery. Mwisho wa msimu Villa walikuwa na mabao 51 ya kufunga. Leicester nao 51. Villa waliruhusu 46, wakaenda Ulaya wakiwa wa saba. Leicester waliruhusu 68.

Hukumu yangu basi ni hii. Ukuta uliobomoka baada ya Kombe la Dunia ni wa Rodgers, na ndiyo sehemu kubwa ya mabao yale 68. Ufukara wa dirisha la 2022 si wake. Pointi mbili za kubaki, zile za mwisho kabisa ambazo zilikuwa bado zinaokoteka mwezi Aprili, si zake pia.

Aliyesema "Rodgers kaishusha" pale kibandani ananidai jibu moja, nami nampa. Msimu wa 2024/25 Leicester walirudi Ligi Kuu, na safari hii waliwahi: Steve Cooper aliondolewa mwezi Novemba baada ya mechi 12, akiwa na pointi 10 na nafasi ya 16, juu ya mstari. Akaja Ruud van Nistelrooy. Mechi 26 zilizobaki zilileta pointi 15, timu ikacheza mechi tisa mfululizo za nyumbani bila kufunga hata bao, na tarehe 20 Aprili 2025 ikashuka tena. Mapema ile haikuwasaidia kitu. Villa walipomwacha Gerrard walikuwa wanamjua Emery. Leicester walipomwacha Cooper walimchukua mtu ambaye kazi yake ya mwisho ilikuwa mechi nne za muda pale Manchester United, na katika mbili kati ya hizo aliwafunga Leicester wenyewe.

Rodgers alirudi Celtic mwezi Juni 2023 na msimu wake wa kwanza akatwaa ligi na Kombe la Scotland. Söyüncü alikwenda Atlético Madrid bure. Barnes na Maddison waliuzwa kabla msimu mpya haujaanza.